Mlango Uliojifunga

Kisa cha mwanamke aliyefungiwa kwenye chumba cha baridi nilikisikia mara ya kwanza nikiwa bado nimeshika buti zangu mpya mkononi, sijaonyeshwa hata mahali pa kuweka viatu vyangu. Tulikuwa wageni kazini, wanawake kwa wanaume, tumekaa kwenye viti vya plastiki katika chumba cha mafunzo cha kiwanda cha samaki huku Ilemela, karibu na ziwa kiasi kwamba vioo vya madirisha havikuwa vinakauka. Mbele yetu alisimama mama mfupi aliyevaa koti jeupe kama sisi. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa mafunzo. Nilitegemea atusomee kanuni zilizobandikwa ukutani. Badala yake alivuta kiti, akakaa, akasema anataka kutusimulia jambo lililotokea humo humo kiwandani.

Alijua kusimulia. Alisema palikuwa na dada mmoja, mgeni kama sisi, aliyetumwa kupanga katoni za minofu ya sangara ndani ya chumba kikubwa cha kugandishia. Aliingia bila glovu kwa sababu aliona ni kazi ya mara moja. Akapita nyuma ya rundo la katoni, kule ambako mtu aliyesimama mlangoni hawezi kukuona. Mlango ukafungwa. Kishikio cha ndani kilikuwa kimeshikwa na barafu, kikakataa kuzunguka. Alipiga mlango kwa ngumi mpaka mikono ikafa ganzi, na aliyekuja kumfungulia hakuja kumtafuta yeye, alikuwa analeta mzigo mwingine. Kufikia hapo mtu angekuwa ameshasonga ugali akaula. Dada yule hakufa, lakini vidole vyake havikurudi kuwa kama zamani.

Kisha mama akatuonyesha vibao vilivyotundikwa karibu na mlango wa chumba kile. Ukiingia, alisema, tundika kibao chako. Ukitoka, kitoe. Kanuni hiyo hiyo ilikuwa imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na sidhani kama kuna mtu aliyeisoma. Kisa cha dada tulitoka nacho. Siku zilizofuata sikumwona mgeni hata mmoja aliyesahau kibao chake.

Ila mimi nimelelewa kushuku. Baba yangu alilima pamba upande wa Magu, na alitufundisha kwamba mnunuzi anayekupigia hadithi wakati wa kupima mzigo, usimtazame mdomo, tazama mkono ulio karibu na mzani. Kwa hiyo nilipoona mwajiri ananisimulia hadithi, tena tamu, tena kwa sauti ya upole, nilijiuliza mkono wake uko wapi.

Wenzangu kwenye meza ya kukatia minofu hawakuwa na imani kunizidi. Kila Jumatatu kabla ya kazi mama yule alikusanya kundi dogo na kuomba mtu asimulie jambo lililompata kazini: kisu kilichoteleza, mzigo uliodondoka, agizo lililosikika vibaya. Alisema mtu hujifunza kwa yaliyompata mwenzake kuliko kwa karatasi. Sisi tulisikia kwamba anataka tujitaje wenyewe ili ofisi ijue pa kuanzia siku ya kupunguza watu. Basi visa vyetu vyote vikawa vimetokea mbali. Vilimpata binamu aliyefanya kazi kiwanda kingine, au jirani wa Musoma, au mtu aliyekwisha kufariki. Mwenzetu mmoja alisimulia ya fisi na sungura, akasema ndiyo pekee anayoikumbuka. Mama alisikiliza yote, akashukuru, nasi tukatoka tukichekeana kwamba leo hakuambulia kitu.

Nilipokwisha kuzoea kazi nilifanywa kiongozi wa meza, na moja ya kazi zangu ikawa kuwapeleka wageni kwenye chumba cha mafunzo na kukaa nao. Hapo nikakisikia kile kisa tena. Dada alikuwa yule yule, glovu hana, katoni ziko pale pale. Lakini alipofika penyewe mama alisema, "Mlango ukajifunga."

Neno lenyewe ni moja, na pengine mwingine asingeligundua. Mimi lilinikera siku nzima. Mlango uliofungwa una mtu nyuma yake. Mlango uliojifunga hauna mtu. Jioni kabla ya kubadili nguo nilikwenda kuujaribu. Ulikuwa mnene kama godoro, unatembea kwenye reli, na kuuvuta ni lazima utumie mikono yote miwili. Niliuacha nusu wazi nikasubiri kidogo. Haukusogea.

Mara iliyofuata mama alisema ukafungwa. Baada ya hapo ukajifunga tena. Nikaona sasa hapa kuna kitu.

Nilianza kuwauliza watu wa zamani, mmoja mmoja, wakati wa chai au tukiwa tunaosha buti. Hakuna aliyejua lolote, na wote walikuwa na haraka. Mama mmoja wa mezani kwangu, ambaye tulikuwa tunachangia mpaka chumvi, aliniangalia akaniuliza, "Ofisi ndiyo imekutuma?" Nilikana. Tangu siku hiyo nikifika mezani mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Nilikuwa natafuta nani anatuficha kitu, kumbe mezani wananitazama mimi.

Kichwani mwangu nilikuwa nimeshapata jibu. Niliamini aliyefunga mlango alikuwa mkubwa fulani, au ndugu wa mkubwa, na kisa kikatengenezwa ili lawama imwangukie aliyeingia. Hata funzo lenyewe lilinipa ushahidi. Kila siku tunaambiwa anayeingia atundike kibao. Sikuwahi kusikia aliyeshika mlango akiambiwa neno.

Kundi lililofuata la wageni lilikuwa kubwa. Mama alipofika kwenye "mlango ukajifunga" mzee wa chumba cha baridi alikuwa ameingia kwa nyuma na lundo la makoti mazito ya kuwagawia. Mzee huyu alikuwa Mjita, mtu wa maneno machache, aliyetunza vyumba vya kugandishia tangu kabla yetu sote. Sikumtilia maanani. Nilinyoosha mkono.

"Samahani, mama," nikasema. "Mlango ule unakwenda kwa reli, hauwezi kujifunga. Nani aliufunga?"

Wageni wakageuka kunitazama. Mama hakunitazama mimi, alitazama nyuma yangu. Halafu akasema siku ile hakuwepo pale mlangoni, akaendelea na habari ya vibao. Nilipogeuka, makoti yalikuwa yamewekwa juu ya kiti na mzee hayupo. Wageni walijigawia wenyewe, wembamba wakavaa makubwa.

Mchana niliitwa ofisini kwa mama. Nilikwenda nikiwa nimeshaanza kufikiria nitamwambia nini mwenye nyumba wangu kule Igoma, na nitarudi Magu na maelezo gani. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti.

"Unadhani namficha nani?" akauliza.

Nilimwambia sijui, ila nadhani ni mkubwa. Akacheka kidogo, bila furaha. Akanieleza kwamba bosi wa wakati ule, ambaye alishaondoka, aliwaita watu wawili waliohusika, akasikia maneno yao yanapingana, akasema mmoja wao ni mwongo na kwamba akilisikia tena jambo lile atawafukuza wote wawili. Mama alitaka kisa kiendelee kufundisha, na hakutaka mtu apoteze kazi. Akamtoa mtu mmoja ndani yake.

"Yule mtu akiwa karibu, mlango unajifunga," alisema. "Akiwa hayupo, nasema ulivyokuwa."

Akilini nikayaona yale makoti ambayo mzee aliyaacha juu ya kiti. Nikataka kuuliza zaidi, lakini alikataa. Alisema akiniambia yeye sitamwamini, na hilo lilikuwa kweli. Akanielekeza mtaa wa Pasiansi, kwa dada wa kisa chenyewe, ambaye sasa anapika chapati upande wa chini wa mawe makubwa, niende nikamuulize mwenyewe.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Nilimkuta amekaa nyuma ya jiko la mkaa, kitenge kiunoni, mwanamke wa makamo aliyenizidi umri kwa wazi. Nilimwamkia, nikamwambia nafanya kazi kiwandani. Mkono wake ukasimama.

"Nani amekutuma?"

Nikasema sijatumwa. Halafu nikajirekebisha, nikasema mama wa mafunzo ndiye aliyenielekeza. Akauliza kama kuna kitu kiwanda kinataka aweke sahihi. Nikasema hapana. Akauliza tena kwa njia nyingine, na tena. Nilinunua chapati nikaila polepole, sikuondoka, na nadhani hatimaye alichoka kunihoji. Wakati wote huo alikuwa anageuza chapati kwa ncha za vidole, akivikalisha juu ya chuma cha moto kwa muda ambao mimi ningekuwa nimeshapiga kelele. Aliona ninavyotazama. Akasema havisikii.

Alinisimulia yote, na mengi yalilingana na ya mama. Lakini ndani ya kisa cha mama hapakuwa na hasira, na kwake ilikuwapo. Alisema alipokuwa anapiga mlango aliamini wenzake wako nje wanacheka, kwamba wamemfanyia mzaha kwa kuwa ni mgeni. Alisema hilo ndilo lililomuuma kuliko baridi. Baadaye alijua aliyefunga ni yule mzee wa chumba cha baridi, na kwamba kila siku mzee yule alikuwa anagombezwa mlango usikae wazi, baridi inatoka. Aliukuta wazi, akaufunga. Kwa hilo alimsamehe siku ile ile, na yeye ndiye aliyemwomba mama asimtaje popote, maana ana familia.

"Lakini hakuita kabla ya kufunga," akasema. "Mbele ya bosi alisema aliita. Mimi ndiye niliyekuwa humo ndani na masikio yangu. Nimemsamehe mlango. Uongo sijausahau."

Niliporudi nilimweleza mama. Alisikiliza kama anavyosikiliza siku za Jumatatu, kisha akasema wageni watakaofuata nitawasimulia mimi. Moja kwa moja nikashuku kwamba anataka kunitia kisa mdomoni ili nisiweze tena kukihoji, na kwa kuwa tulishafika mbali nikamwambia hivyo. Alifikiri. "Inawezekana," akasema. "Lakini utakisimulia?"

Nilikisimulia. Nilipofika kwenye mlango nilisema mtu mmoja aliukuta wazi, akaufunga kama alivyofundishwa kila siku. Sikumtaja. Mzee alikuwa ukumbini nje, na mlango wa chumba cha mafunzo ulikuwa wazi. Msichana mmoja kati ya wageni akauliza kama mtu huyo aliita kwanza. Nikajibu kwamba sijui. Lilikuwa jibu la kweli, lakini nililisema kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hakuita.

Wakati wa chai mzee alikuja akaketi benchi nililokaa mimi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Akakaa na kikombe chake mpaka nikadhani amekuja tu kupumzika.

"Niliita," akasema. "Niliita, nikasubiri, ndipo nikafunga."

Alisema maneno hayo akitazama chai. Hakuongeza mengine. Nilikuwa nimemtazama yule dada usoni nikamwamini, na sasa nilikuwa namtazama mzee huyu na kumwamini yeye pia, na niliona haya kwa sababu lazima mmoja wao alikuwa ananidanganya. Bosi aliyeondoka aliona hivyo hivyo. Nilirudi mezani nikakata minofu vibaya, nikaambiwa.

Usiku sikupata usingizi mzuri. Asubuhi nilimfuata mzee kabla wengine hawajafika, nikamwomba tujaribu: mimi niingie nyuma ya katoni, yeye aite kutoka mlangoni kama alivyoita siku ile. Alinitazama kwa muda mrefu. Niliona wazi kwamba anajiuliza ni nani aliyenipanga. Akasema atakubali mama akiwepo, na mlango usiguswe na mtu. Nikaenda kumwita mama. Alisimama kizingitini, bega lake limeuzuia mlango.

Nilivaa koti na glovu, nikatundika kibao, nikaingia mpaka mwisho, nyuma ya rundo. Feni kubwa zilikuwa zinavuma juu ya kichwa changu. Nilisubiri aanze. Baridi ilipenya kwenye buti, pumzi yangu ikawa inatoka kama moshi, na mzee kimya. Nikaona ameghairi. Nikaanza kumwonea hasira, nikisema moyoni kwamba yule dada alikuwa sahihi, mtu huyu hakuita siku ile na leo ameshindwa kuigiza. Nilitoka nje nikiwa nimeshakunja uso.

"Mbona huiti, mzee?" nikauliza.

Mama ndiye aliyejibu. "Ameita mpaka watu wa kwenye meza wamegeuka."

Nilitazama upande wa meza. Kweli, waliokuwa wamefika walikuwa wamesimama wanatuangalia, visu mkononi.

Mzee aliomba koti. Akaingia yeye, mama akaita. Mama yule ana sauti, aliita mpaka nikaziba masikio. Mzee alitoka bila kuitikia, akatuangalia midomo kuona kama tumeanza. Alipoelewa, aligeuza kreti tupu akaketi juu yake. Akavua kofia yake ya sufu, akaishika, akaivaa tena. Miaka yote alikuwa na hakika kwamba yule dada alimsikia akanyamaza makusudi, kwamba alitaka kumharibia kazi mbele ya bosi. Alitueleza hivyo asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza.

Mambo yalibadilika kuanzia hapo, ingawa si kwa haraka. Mama alikwenda kwa wakubwa na kisa kizima, na wakakubali kwamba anayefunga mlango asiite tu. Aingie, atembee mpaka mwisho, arudi, ndipo afunge. Na kila kundi la wageni tulianza kuwapeleka wakasimama nyuma ya katoni huku mwenzao akiita, wasisikie kitu. Ninapokisimulia sasa kisa kina watu wawili. Mzee mwenyewe aliruhusu, kwa sharti kwamba nisiseme ni nani, ingawa wote wanajua. Siku nyingine husimama nyuma akasikiliza mpaka mwisho, kisha akagawa makoti.

Jumatatu nazo zililegea kidogo. Yule mama wa mezani kwangu, aliyeniuliza kama nimetumwa, siku moja alisimulia jinsi kisu kilivyompitia kiganja kwa sababu alikuwa amekinoa akiwa na usingizi, na kiganja kilikuwa chake mwenyewe, si cha binamu. Baada yake tulingoja kuona atafanywa nini. Hakufanywa kitu. Wiki zilizofuata wakajitokeza wengine. Si wote. Wapo mpaka leo ambao visa vyao vinatokea Musoma, na siwalaumu, maana hata mimi yapo ya kwangu ambayo sijayapeleka kwenye kile chumba.

Nilirudi Pasiansi kumweleza dada. Nilitegemea atafurahi. Alinisikiliza akiwa anasukuma chapati, hakuinua kichwa, na nilipomaliza akasema, "Feni za siku hizi si zile."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilipomuuliza mzee alisema ni zile zile, ila moja iliwahi kubadilishwa. Nilipompelekea dada jibu hilo alisema, "Umeona?" Kisha, nilipokuwa nimeshaaga, akaniita.

"Alisema aliita nini? Aliita jina langu?"

Hilo pia sikulijua, na likanirudisha kwa mzee. Alinijibu bila kufikiri, kama mtu aliyelirudia moyoni mara nyingi. Alisema jina lake alikuwa bado hajalijua, maana dada alikuwa mgeni, kwa hiyo aliita dada. Dada, upo? Dada, nafunga.

Nilimfikishia hivyo hivyo alivyosema. Mwanamke yule aliacha kusukuma, akafuta unga mikononi kwa pembe ya kitenge. Mteja mmoja akaja, akamhudumia, akaondoka. Halafu akafunga chapati kwenye gazeti, akanipa, akasema nimpelekee mzee. Nisimwambie zimetoka kwake. Akiuliza, niseme nimenunua.

Nilimkuta mzee kwenye benchi. Alifungua gazeti, akanusa, akauliza nimezinunua wapi. Nikasema Pasiansi. Akaniangalia, akaangalia chapati, akaniangalia tena. Nilidhani atanirudishia. Kisha akakata kipande akala, akatafuna taratibu, na zilizobaki akazifunga vizuri akaziweka ndani ya koti lake.